Sabufa za Kariakoo: wati nyingi, maneno hayasikiki

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU anayepita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, jioni za mwisho wa mwezi hahitaji kuuliza ni bidhaa gani ya elektroniki inayotafutwa. Ataisikia kabla ya kuiona. Mbele ya maduka yamepangwa masanduku meusi yenye taa za rangi zinazochezacheza, muziki umefunguliwa hadi mwisho, na kijana wa dukani anamtajia mteja bei kwa vidole kwa kuwa sauti ya mdomo haifiki. Hizo ndizo sabufa, jina ambalo katika soko letu limekuja kumaanisha seti nzima: sanduku kubwa la mdundo na vispika vyake viwili au vitatu.

Wauzaji waliozungumza na mwandishi wa makala haya wanasema wateja wao wengi huja na shida moja. Wamenunua televisheni bapa, picha inapendeza, lakini sauti hairidhishi. Dawa wanayopewa ni sabufa. Makala haya yanaihoji dawa hiyo, kwa sababu mwandishi mwenyewe aliinunua na mgonjwa hakupona.

Mgonjwa alikuwa baba yangu mzazi. Mwaka jana mimi na ndugu zangu wawili tulichanga tukamnunulia mzee TV ya inchi 43 badala ya ile ya chogo aliyokuwa nayo tangu tukiwa shule ya msingi. Kwa wiki mbili alifurahi. Wiki ya tatu akaanza kulalamika kuwa watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Mwezi wa pili akarudi chumbani kwake na redio ndogo ya betri, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo katika nyumba yetu ilikuwa haikosekani, akawa anawaachia wajukuu ambao hawana habari nayo.

Kilichotushtua ni petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na mzee, ambaye ana bajaji moja aliyomkabidhi kijana wa jirani, hupanga hesabu ya dereva wake kwa kufuata tangazo hilo. Mwezi ule alitoka chumbani kusikiliza, akasikia "sita" mahali msomaji aliposema "tisa". Kwa siku mbili akawa anamtuhumu kijana kuwa anaongeza bei ya mafuta ili abaki na chenji. Kijana akaja na funguo mkononi, akitaka kuzirudisha. Kosa halikuwa lake, wala la msomaji wa habari. Lilikuwa la spika mbili nyembamba zilizofichwa chini ya TV, zikitazama meza.

Chogo lilikuwa na kazi yake

Televisheni zilizoenea Tanzania Bara baada ya vituo binafsi vya kwanza kuanza kurusha matangazo mwaka 1994 zilikuwa masanduku hasa. Kioo kilihitaji mkia mrefu nyuma, na mkia ule, pasipo mtu kukusudia sana, uliacha nafasi ya spika ya maana inayomtazama mtazamaji uso kwa uso. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, familia nyingi ziliweka king'amuzi juu ya chogo lile lile na maisha yakaendelea. Sauti haikuwa nzuri kwa viwango vya wapenda muziki, lakini maneno yalisikika.

TV bapa imeondoa mkia na imeondoa nafasi hiyo. Sauti ni hewa inayosukumwa, na ili kusukuma hewa spika inahitaji upana wa uso na ujazo wa kisanduku nyuma yake. Katika kifaa chenye unene wa sentimita chache, mtengenezaji hana pa kuiweka. Pembeni ya kioo haiwezekani pia, kwa kuwa wateja wanataka kioo kifike ukingoni. Kwa hiyo spika zinageuzwa kutazama chini au nyuma. Sauti inagonga meza au ukuta kwanza, ndipo inamrudia msikilizaji ikiwa imechoka na imechanganyika na mwangwi wake yenyewe.

Hapa ndipo soko linapokosea kutambua ugonjwa. TV nyingi za kawaida zina takriban wati 10 kwa kila upande. Kwa sebule ya Mtanzania wa kawaida hizo zinatosha kabisa kumwamsha mtoto aliyelala. Kinachokosekana ni uwazi, nguvu ipo.

Ukitaka kuelewa uwazi, sikiliza lugha yetu yenyewe. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia kwa irabu, na irabu ndizo zinazobeba nguvu ya sauti. Konsonanti kama s, t, f, k, sh na ch ni pumzi tu. Ni nyembamba, zipo katika sauti za juu, na ndizo za kwanza kupotea sauti inapogonga ukuta. Sasa chukua "sita" na "tisa". Irabu ni zile zile, i na a. Tofauti yote ipo katika swali la nani katangulia, s au t. Vivyo hivyo "kata" na "pata", "saa" na "taa". Kwa bahati mbaya umri nao huanza kuchukua sauti za juu kabla ya zile nzito. Mzee wa miaka sabini anaweza kusikia lori likipita barabara ya pili na asisikie tofauti ya sita na tisa akiwa ameketi mita tatu kutoka kwenye TV.

Ongeza na nyumba zetu za sasa: vigae sakafuni, ukuta mtupu uliopigwa rangi ya mafuta, madirisha ya aluminiamu. Kila kimoja kinarudisha sauti kama mpira. Nyumba ya zamani yenye zulia, pazia zito na makochi ya vitambaa ilikuwa inafyonza mwangwi bila mtu kuilipia.

Wati za kwenye boksi

Mwandishi hakuyajua hayo alipoingia dukani akiwa na shilingi 350,000 za mchango wa ndugu. Alijua jambo moja tu, kuwa mzee hasikii, na asiyesikia huongezewa sauti. Kijana wa duka alikubaliana nami kwa moyo wote. Akanionyesha sabufa ya vispika vitatu, yenye redio, nafasi ya flashi, rimoti na taa. Boksi liliandikwa wati 12,000. Nililipa 280,000. Risiti ilikuwa na yale maneno ambayo kila mnunuzi wa Kariakoo anayajua kwa moyo: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilipofika nyumbani ndipo niliposoma kibandiko kilichokuwa nyuma ya sanduku, karibu na waya wa umeme. Kiliandikwa: volti 230, hezi 50, wati 65. Yaani kifaa kinavuta wati 65 kutoka ukutani na kuahidi kutoa 12,000. Tuliosoma biashara tunafundishwa mapema kuwa ghala haliwezi kutoa magunia mengi kuliko yaliyoingia. Kifaa cha umeme kinaweza kujilimbikizia kidogo na kutoa kishindo cha ghafla, lakini kwa wastani hakitoi kuliko kinavyopokea. Na sehemu ya kile kinachopokelewa hugeuka joto.

Siri ipo katika herufi nne ndogo zinazofuata tarakimu kwenye boksi: PMPO. Hicho ni kipimo kisicho na kanuni inayokubalika popote. Kila kiwanda hukokotoa kivyake, na kwa kawaida ni hesabu ya kishindo cha kufikirika cha sehemu ndogo mno ya sekunde. Kipimo chenye maana ni kile cha RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila kukwaruza. Kikiandikwa, huwa ni tarakimu ya aibu: 20, 40, pengine 60. Ndiyo maana hakiandikwi kwa herufi kubwa.

Tatizo hili si la Kariakoo peke yake wala si geni. Nchini Marekani wauzaji wa vikuza sauti walitia chumvi wati zao kiasi kwamba mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ililazimika kuweka kanuni ya jinsi wati zitakavyopimwa kabla ya kutangazwa. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa. Lakini boksi halijasema uongo waziwazi. Limeandika PMPO na kumwachia mnunuzi adhanie anachotaka. Mwandishi alidhania.

Usiku ule familia nzima ilikusanyika. Muziki wa kufungulia taarifa ya habari ulipopigwa, vikombe vilitetemeka kabatini na wajukuu wakashangilia. Kisha msomaji akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa na kifua cha muungurumo kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Mzee alisikiliza kwa dakika kama tano hivi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu anasoma habari au anahubiri?" Akaaga, akarudi chumbani.

Sababu yake ni ya kifundi lakini inaeleweka. Sauti nzito zikizidi huzifunika sauti nyembamba zilizo juu yake katika sikio la msikilizaji. Sabufa inaongeza kile ambacho neno halikihitaji, na kwa kufanya hivyo inapunguza kile linachokihitaji. Vispika vyake vidogo, ambavyo ndivyo vinavyopaswa kubeba maneno, ndivyo vilivyotengenezwa kwa gharama ndogo kuliko vyote ndani ya boksi. Kile cha tatu, ambacho muuzaji alikiita spika ya katikati, hakikuwa ya katikati kwa maana halisi: seti ilikuwa na matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu la kulia na jeupe la kushoto, na kispika cha tatu kilirudia mchanganyiko wa hayo mawili.

Siku ya tisa niliiuza kwa kinyozi wa mtaa wetu kwa shilingi 190,000. Hasara 90,000 kwa siku tisa, sawa na 10,000 kwa siku, na hapo sijahesabu nauli ya bajaji, ambayo mzee alikataa kuisamehe.

Mali iliyokuwa chini ya kitambaa

Katika kona ya sebule ile ile, chini ya kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki, kulikuwa na redio kubwa aliyoinunua mzee mwaka 1996: kikuza sauti, deki ya kaseti, sehemu ya CD, na spika mbili za mbao, kila moja ikikaribia ukubwa wa mfuko wa saruji. Deki ilikuwa inatafuna kanda. CD haikuwa inasoma kitu. Kwa hesabu za uchakavu thamani yake vitabuni ilikwisha kuwa sifuri zamani, na katika familia ilihesabiwa kama meza ya kuwekea maua.

Fundi wa redio wa Buguruni ndiye aliyenifumbua macho, nilipokwenda kumlalamikia habari ya sabufa. Aliuliza kama nyumbani kuna redio ya zamani. Nikasema ipo lakini ni mbovu. Akasema ubovu wa deki ni wa deki, na kwamba kikuza sauti ni chombo kingine ndani ya sanduku lile lile. "Lete hata spika moja niione," alisema.

Alipofungua kitambaa cha spika, ule mviringo laini unaoshikilia koni ulikuwa umeporomoka kama mkate uliokauka. Kwa spika za miaka ile huo ni ugonjwa wa kawaida. Sponji hiyo huoza kwa miaka, na joto la Pwani linaiharakisha. Mnunuzi wa mitumba anayeona spika ya namna hiyo asikimbie, lakini apunguze bei. Kubadilisha sponji za spika zote mbili kulitugharimu 30,000. Vitufe vya sauti vilivyokuwa vinakwaruza vilipuliziwa dawa ya kusafishia, bure.

Ikabaki kuunganisha, na hapa ndipo wananchi wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu nyuma ya TV kuna matundu mengi na muuzaji wa waya hana sababu ya kukuuliza unataka lipi.

Kosa la kwanza, ambalo pia nililifanya, ni kuchomeka waya wa nyekundu na nyeupe kwenye matundu ya rangi hizo nyuma ya TV. Katika TV nyingi za sasa hayo ni ya kuingizia sauti kutoka kwenye deki, hayatoi kitu. Soma neno lililoandikwa pembeni: kama ni IN, acha.

Lenye kutoa sauti huwa mojawapo ya matatu. Tundu la hedifoni ndilo rahisi: waya wenye ncha ndogo upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande wa pili hauzidi shilingi elfu chache, unachomekwa nyuma ya redio palipoandikwa AUX, na kazi imekwisha. Faida yake ni kuwa rimoti ya TV huendelea kupandisha na kushusha sauti katika TV nyingi. Tundu la pili ni lile la mwanga, dogo la mraba lenye kifuniko, ambalo hutoa sauti kidijitali kwa waya wa mwanga. Lilibuniwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983 na bado lipo. La tatu ni tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ambalo tutalirudia.

TV ya mzee haikuwa na tundu la hedifoni. Ilikuwa na la mwanga. Redio ya mwaka 1996 haielewi lugha ya kidijitali, hivyo panahitajika kisanduku cha kutafsiri kati yao, ambacho madukani hukiita konvata, kidogo kuliko kiberiti viwili. Nilikipata kwa 25,000 pamoja na waya wake wa mwanga, na waya wa nyekundu na nyeupe ukanigharimu 6,000 kwa sababu niliuchagua mnene kuliko inavyolazimu.

Tukachomeka. Kimya. Nilikaribia kurudi Kariakoo kugombana na mtu. Fundi akanielekeza kwa simu niingie kwenye menyu ya TV, sehemu ya sauti, nitafute umbo la sauti ya kidijitali inayotoka, niliondoe kwenye "Auto" na kuliweka kwenye PCM. Konvata hizi za bei nafuu hazielewi mfumo wa Dolby. Zikipelekewa Dolby hunyamaza au hukwaruza. Nina hakika konvata nyingi nzima zimerudishwa au kutupwa kwa ajili ya mstari huo mmoja wa menyu.

Kwa wenye ving'amuzi kuna njia ya bei ndogo zaidi. Ving'amuzi vingi vina matundu yao ya nyekundu na nyeupe, na hayo hutoa sauti. Acha waya wa HDMI upeleke picha kwenye TV na upeleke sauti kwenye redio moja kwa moja. Kasoro zake ni mbili: ukifungua flashi au simu kwenye TV, sauti yake haitapita redioni, na kwa kuwa TV huchukua muda kidogo kuiandaa picha, sauti ya king'amuzi inaweza kutangulia mdomo wa msomaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikwisha kupima kuwa mtazamaji hugundua sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 tu kati ya 1,000 za sekunde, ilhali ikichelewa hagundui hadi ifike 125. Macho yamezoea kuona shoka likitua kabla ya mlio wake kufika, lakini hayajazoea kinyume chake.

Kwa sababu hiyo hiyo mwandishi hashauri Bluetooth kwa taarifa ya habari au sinema. Kwa muziki haina neno. Lakini Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu 100 hadi 200 au zaidi kati ya 1,000 za sekunde, na msikilizaji mwenye umri mkubwa, hata asipojua, anasoma midomo. Ukimtenganishia mdomo na neno unamnyang'anya msaada aliokuwa nao.

Baada ya waya

Spika za mzee zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine nyuma ya mlango. Tulizishusha, tukaziweka pande mbili za TV kwenye vigoda, urefu wa sikio la mtu aliyeketi, zikimwelekea. Umbali kati yake ukawa karibu sawa na umbali kutoka kwake hadi kwenye kila spika. Tukakizungusha kitufe cha besi chini kidogo ya katikati na kile cha sauti za juu kidogo juu ya katikati. Kitufe cha "loudness", ambacho huongeza mdundo sauti ikiwa ndogo, tukakizima. Spika za TV yenyewe tukazifunga kwenye menyu, maana zikibaki wazi zinarudia kila neno kwa nyuma. Mama akaleta zulia lililokuwa limekunjwa stoo.

Gharama yote: 30,000 za fundi, 25,000 za konvata, 6,000 za waya. Jumla 61,000, chini ya ile hasara ya sabufa. Umeme nao si wa kutisha. Kikuza sauti kikivuta wati 50 kwa saa tano kila siku, ni robo ya uniti kwa siku, uniti saba na nusu kwa mwezi. Hata hivyo redio za zamani huendelea kunywa kidogo zikiwa zimezimwa kwa rimoti, hivyo zizimwe ukutani.

Kabla hata ya waya, msomaji ajaribu kitu kisicho na bei. TV nyingi zina namna kadhaa za sauti: kawaida, muziki, sinema, na moja inayoitwa sauti wazi au ya mazungumzo. Kiwandani huwekwa kawaida. Hamisha kwenye ya mazungumzo, kisha isogeze TV hadi ukingo wa mbele wa meza ili sauti isigonge ubao wa meza. Katika nyumba mbili kati ya tatu nilizojaribu baada ya hapo, wenyewe waliridhika na hilo na hawakununua chochote.

Asiye na redio ya zamani

Si kila nyumba ina kikuza sauti kilicholala konani. Kwa anayeanza na mikono mitupu, mwandishi angemshauri afikirie saundiba, lile sanduku refu jembamba linalolazwa mbele ya TV, kabla ya sabufa ya taa. Spika zake zinamtazama msikilizaji, na hilo peke yake ni nusu ya dawa. Asome tarakimu zake: ya kwanza ni idadi ya njia za sauti, ya pili ni sanduku la mdundo. Iliyoandikwa 2.1 ina kushoto, kulia na mdundo. Iliyoandikwa 3.1 ina na ya katikati, na katika filamu nyingi maneno ya waigizaji huwekwa humo, hivyo unaweza kuyapandisha pasipo kupandisha milipuko. Kwa mzee, 3.1 yenye nguvu ndogo ni bora kuliko 2.1 yenye kelele.

Saundiba iunganishwe kwa HDMI yenye maandishi ARC, iliyoanza mwaka 2009. Waya mmoja hutosha, na rimoti ya TV huitawala. Lakini ni tundu moja tu kati ya yale yaliyopo, na ukichomeka kwenye jingine hutasikia kitu.

Kwa wanunuzi wa mitumba, tahadhari mbili. Vikuza sauti vilivyouzwa Japani kwa matumizi ya huko vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Umeme wetu ni 230. Ukikichomeka bila transfoma ya kushusha utasikia mlio mmoja na harufu. Geuza kifaa, soma kibandiko, na kama kibandiko kimebanduliwa, acha. Pili, masanduku ya mdundo yasiyo na waya wa sauti, yanayouzwa peke yake kwa bei ya kuvutia, kwa kawaida hupokea sauti kutoka kwenye saundiba yake tu. Bila ndugu yake ni stuli.

Na ukinunua kipya, mwombe muuzaji afungue taarifa ya habari au mahubiri badala ya muziki. Simama mita tatu. Zima taa za mapambo kama anakubali. Kisha omba risiti ya mashine na waranti iliyoandikwa tarehe, kabla ya kutoa fedha.

Sabufa ya kinyozi inaendelea vizuri. Anasema wateja wameongezeka tangu aiweke mlangoni, na kwa muziki wa saluni sina sababu ya kumbishia. Mdundo ndio anaouza. Nyumbani, Jumatano ya kwanza ya mwezi uliofuata, mzee aliketi mbele ya TV akiwa na daftari. Msomaji alitaja bei, mzee akaandika, akaniuliza kama nimeandika ile ile. Nilikuwa nimeandika ile ile. Akampigia simu dereva wa bajaji na kuzungumza naye muda mrefu nje, barazani, ambako mimi sikuyasikia waliyosemezana. Kesho yake bajaji ilitoka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida.